Barua ya wazi: Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani unahitaji mafundi wake

Kwenu waheshimiwa mnaosimamia mambo ya kale na utalii, viongozi wa mkoa wetu wa Lindi, na madiwani wa Kilwa.

YAH: KIKUNDI CHA KUDUMU CHA MAFUNDI WA CHOKAA KWA AJILI YA MSIKITI MKUU, KILWA KISIWANI

Waheshimiwa, shikamooni.

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni fundi mwashi wa Lindi mjini. Historia sikuisomea chuoni. Niliyo nayo nimeipata kwa kuuliza, kusoma, na zaidi kwa kutazama ukuta. Ombi langu ni moja, na nalitaja mapema ili asiye na muda asome hapa aishie hapa. Pale Kisiwani pawe na kikundi kidogo cha mafundi wenyeji wanaojua chokaa na mawe ya matumbawe, wenye kazi ya mwaka hadi mwaka ya kuutunza Msikiti Mkuu. Sisemi mradi wa miaka mitatu wenye bango na uzinduzi. Nasema mafundi wenye mwiko, karai na posho inayofika.

Mwenye muda aendelee nami, maana ombi hili halieleweki bila kuujua msikiti wenyewe ulivyojengwa.

Wageni wengi wanaovuka na boti kutoka Kilwa Masoko huvutwa na sehemu ya kusini penye matao, wakapiga picha, wakaelekea Gereza, ile ngome ya ufukweni, na Makutani, magofu ya kasri. Sehemu kongwe iko kaskazini, upande wa kibla, kwa kuwa kwetu Makka iko kaskazini. Ni ukumbi mdogo wa karne ya 11 au ya 12. Paa lake lilikuwa bapa, limebebwa na nguzo 9, safu tatu za nguzo tatu tatu, zikiugawa ukumbi katika nafasi 16. Nguzo za kwanza zilichongwa kwa tumbawe, baadaye zikawekwa za mbao. Ukumbi wote ulifunikwa, bila ule ua wa wazi katikati unaouona katika misikiti mingi ya kale ya Uarabuni. Mnara haukuwekwa. Anayejua jua la Kilwa na mvua yake hahitaji maelezo kwa nini fundi wa kwanza aliamua kuezeka kila mahali.

Paa bapa la pwani yetu lina kanuni yake. Unalaza boriti za mikoko, juu yake unapanga mawe membamba, halafu unamwaga chokaa iliyochanganywa na kokoto, watu wanaipiga kwa vipande vya miti mpaka ishikamane. Urefu wa boriti ndio unaoamua upana wa chumba. Ndiyo sababu vyumba vya majumba mengi ya mawe ya zamani, tangu Lamu hadi huku kwetu, ni virefu na vyembamba. Ukitaka chumba kipana, huna budi kusimamisha nguzo katikati, na ukitaka kuachana na boriti kabisa, lazima ujue kujenga kuba.

Hapo ndipo anapoingia Sultani al-Hasan bin Sulaiman, yule yule aliyejenga kasri la Husuni Kubwa. Mwanzoni mwa karne ya 14 aliongeza ukumbi wa kusini uliokuwa mkubwa mara kadhaa kuliko ule wa kwanza. Dhahabu ya Sofala, bandari iliyoko Msumbiji ya leo, ilikuwa ikipita mikononi mwa Kilwa, na sarafu yenye jina lake imepatikana mbali sana bara, kwenye magofu ya Great Zimbabwe. Msafiri Ibn Battuta alifika mwaka 1331 akamkuta, akausifia mji, akaandika kuwa watu walimwita Abu al-Mawahib kwa ukarimu wake wa kugawa. Mtu wa namna hiyo akiita mafundi, huwaita kwa kazi kubwa. Ukumbi uliezekwa kwa kuba na matao, na pembeni kikajengwa chumba chenye kuba kubwa inayoelezwa kuwa ndiyo iliyokuwa kubwa kuliko zote Afrika Mashariki hadi karne ya 19. Ndani ya baadhi ya kuba waligandamiza vyombo vya kauri kutoka China kuwa mapambo. Jambo hilo nalipenda kuliko yote pale. Bakuli limesafirishwa kutoka upande wa pili wa bahari, na mwenye mji, badala ya kulilia wali, amemwambia fundi alipachike darini.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo waongozaji hulitaja kwa sentensi moja, nami naona ndilo moyo wa habari. Ukumbi ule wa sultani ulianguka. Nguzo zake za mwanzo zilikuwa za pembe nane, kila moja imechongwa katika jiwe moja la tumbawe, na kazi hiyo haikudumu. Masimulizi ya kale ya Kilwa yanasema watu walisali chini ya mahema kwa muda mrefu, mpaka enzi ya Sultani Sulaiman bin Muhammad katika karne ya 15, ndipo msikiti ukajengwa upya. Matao ambayo mgeni anayapiga picha leo ni ya matengenezo hayo.

Fundi akisimama katikati ya nguzo zile anaelewa kilichobadilika. Tumbawe laini linalotolewa majini huchongeka kirahisi likiwa bichi, kisha hukauka na kuwa gumu. Linafaa sana kwa mihrabu, kwa mapambo, kwa vizingiti. Ukilisimamisha peke yake kama nguzo ndefu na kulibebesha kuba, unaliomba zaidi ya uwezo wake. Hayo ni maoni yangu, wataalamu wanaweza kunikosoa. Waliojenga upya waliacha ujanja wa jiwe moja. Pembe nane walizihifadhi, ila nguzo wakazipandisha kwa mawe madogo na chokaa nyingi, mshono juu ya mshono, nguzo nene kidogo, isiyo na madaha kama ya kwanza. Na hizo ndizo zilizosimama hadi leo, miaka karibu 600.

Kwa hiyo, waheshimiwa, kinachosifiwa duniani kote kama maajabu ya Kilwa ni kazi ya ukarabati. Mji ulikuwa na mafundi wake, nyumba ilipoanguka walikuwepo wa kuisimamisha, na waliisimamisha vizuri kuliko ilivyokuwa. Mwaka 1505 Wareno wakaja na Francisco de Almeida, wakauvamia mji, wakajenga ngome, wakaondoka mwaka 1512. Biashara ya dhahabu ilikuwa imeshavurugika. (Sehemu ya dhahabu iliyotozwa Kilwa na Vasco da Gama ilitengenezewa chombo cha ibada mwaka 1506, na kipo Lisbon hadi leo, kinang'aa, kimetunzwa vizuri sana. Sisemi zaidi.) Mwaka 1587 wakaja Wazimba, wapiganaji kutoka bara, wakaua watu wengi. Mji uliinuka tena kwa kiasi katika karne ya 18, kwa bahati mbaya kwa biashara ya watumwa, na Gereza lile la ufukweni linaonyesha kwamba hadi mwanzoni mwa karne ya 19 ujenzi wa mawe ulikuwa bado unafanyika kisiwani. Kisha Kilwa Kivinje ikachukua biashara yote, Kisiwani pakabaki wavuvi na wakulima, na msikiti ukabaki bila mtu wa kuupakia chokaa.

Tangu hapo adui zake ni wale wale. Maji ya mvua huingia kwenye ufa mdogo juu ya kuba. Mbegu hufuata maji, mzizi hufuata mbegu, na mzizi ukinenepa hupanua mawe. Upepo wa bahari huleta chumvi, nayo hukauka ndani ya jiwe na kulimega kidogo kidogo. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachohitaji dhoruba kubwa. Ingawa dhoruba nazo sasa zinakuja: kimbunga Hidaya cha Mei 2024 kilitukatia barabara ya Dar es Salaam, na kila mkazi wa Kilwa anakumbuka.

Serikali na marafiki wa nje hawakukaa kimya, na hapo natoa pongezi bila kinyongo. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingia katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 1981. Mwaka 2004 yakawekwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini. Kazi ikafanyika: vichaka vikafyekwa, kuta zikaegemezwa na kuzibwa, mawimbi yaliyokuwa yakila ufukwe mbele ya Gereza yakawekewa kinga, na mwaka 2014 tukaondolewa kwenye orodha ile. Hayo ni mafanikio ya kweli. Hofu yangu ni kile kinachofuata mafanikio. Jengo la chokaa halitibiwi mara moja likapona. Linataka mtu apande kila mwaka, ang'oe mche ungali na majani mawili, azibe ufa ungali wa unene wa ukucha, aguse lipu iliyolegea kabla haijaachia. Kazi hiyo ya asubuhi moja ikiahirishwa miaka kumi inageuka andiko la mradi, mshauri mwelekezi, jukwaa la vyuma, na safari za kutafuta fedha ughaibuni.

Na isitoshe, mradi ukija kwa pupa, huja na saruji. Niliwahi kuitwa Mikindani kwenye nyumba ya zamani ya mawe, siitaji ya nani. Aliyetangulia alikuwa ameipiga lipu ya saruji nje na ndani, safi kabisa, imenyooka kwa rula. Haikumaliza misimu mingi, ikaanza kuachia kwa mapande, na kila pande lilitoka na uso wa jiwe la kale. Ukuta wa matumbawe na chokaa hupitisha unyevu: unaingia, unatoka. Ukiuziba kwa saruji ni kama kumvisha mwenye homa koti la mvua. Unyevu unabaki ndani pamoja na chumvi, na kwa kuwa saruji ni ngumu kuliko tumbawe, panapotokea mvutano anayekubali kupasuka ni tumbawe. Saruji ikichakaa unanunua mfuko mwingine pale dukani, lakini jiwe lililochongwa karne ya 15 haliuzwi popote.

Basi hoja yote inarudi kwenye chokaa, na chokaa inarudi kwa watu. Mnaijua ya mifuko ya kupakia kuta nyeupe. Hiyo ya kujengea ni habari nyingine. Unapanga magogo duara, juu yake mawe ya matumbawe, unawasha kutoka katikati, na tanuu linaachwa liwake mpaka jiwe liwe jeupe na jepesi. Ukilimwagia maji linachemka na kupasuka lenyewe; kaa mbali, nimeona mtu akipoteza jicho. Kisha unailaza shimoni ikiwa na maji yake, na hapa ndipo subira inapopima watu. Chokaa iliyolala miezi ni laini kama siagi na inashika. Chokaa ya haraka ina punje ambazo hazijaiva, na baada ya kupakwa zinaanza kuchipuka ukutani kama vipele. Mkandarasi mwenye miezi sita ya mkataba hawezi kusubiri shimo. Fundi anayelala Kisiwani anaweza, kwa sababu mwaka ujao atakuwa yupo.

Mtasema ujuzi huo umekufa. Haujafa, umezeeka. Wako wazee wa pwani hii waliochoma chokaa ujanani, na wako vijana wa Kilwa walioshika mwiko wakati wa matengenezo ya miaka ile kabla ya 2014. Wengine sasa wanafunga nondo kwenye majengo ya mjini, wengine wamerudi kwenye nyavu. Kila mwaka unaopita bila kuwaita ni mwaka wa kuwasahaulisha.

Najua swali la pili ni utaratibu wa manunuzi. Kazi ikitangazwa kwa zabuni kwenye NeST, mfumo wa serikali wa manunuzi ya mtandaoni, fundi wa kijiji hana kampuni, hana hesabu zilizokaguliwa, na wakati mwingine hana simu yenye bando. Atashinda mwenye karatasi, naye atakuja na saruji. Lakini tumejenga madarasa na zahanati nchi nzima kwa fosi akaunti, kwa mafundi wa mtaani na kamati za wananchi, na majengo yamesimama. Kama utaratibu huo unatosha kwa darasa wanamokaa watoto wetu, hauwezi kushindwa kuweka mafundi wanne au watano wa kuziba nyufa, chini ya mtaalamu mmoja wa mambo ya kale anayejua nini kisiguswe. Na mtaalamu huyo ni lazima. Fundi akiachwa peke yake na jengo la kale ana tabia ya kutaka kulifanya jipya, hata mimi mkono unaniwasha nikiona ukuta uliopinda.

Mafunzo yasitafutwe mbali. Chuo cha VETA kipo hapa Lindi. Somo fupi la chokaa na mawe, wazee wakialikwa kufundisha kwa vitendo, halihitaji jengo jipya. Linahitaji shimo, magogo na mwalimu mwenye subira. Wachomaji wa chokaa wanaweza kusajiliwa kama kikundi na kukopa ile asilimia 10 ya halmashauri inayotengwa kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Soko la kwanza litakuwa msikiti. La pili ni Songo Mnara, halafu majumba ya Kilwa Kivinje na Mikindani yanayobomoka mbele ya macho yetu.

Kuhusu malighafi nisieleweke vibaya. Sitaki mtu avunje matumbawe hai baharini wala afyeke mikoko, na sheria iko wazi juu ya yote mawili. Mawe ya matumbawe ya nchi kavu yapo tele, tunachimba na kujengea nyumba zetu kila siku. Kuni tusilie: mikoa hii ya kusini ina mikorosho mizee inayong'olewa ili kupandwa mipya, na minazi iliyokufa haina hesabu. Mihrabu iliyochongwa kwa tumbawe laini isijaribiwe kutengenezwa upya hata kidogo. Ilindwe ilivyo.

Jambo dogo ambalo mtu wa ofisini anaweza asilifikirie ni majira. Kazi ya chokaa inataka ukame usio na joto kali, ikauke polepole. Kwetu ni kuanzia Juni hadi Septemba. Ikifika Oktoba korosho zimeanza kudondoka na fundi hapatikani kwa dawa, hata umwahidi nini, naye ana haki. Desemba mvua zinabisha hodi. Kwa hiyo bajeti ya matengenezo ikipitishwa Julai na fedha ikashuka Novemba, mwaka huo umeshapotea. Fedha ya kazi hii itengwe mapema na ifike kisiwani kabla ya Juni kwisha. Wahasibu mtanisamehe, najua mwaka wenu wa fedha unaanzia hapo hapo nisipopataka, ila kuba haisomi kalenda ya serikali.

La mwisho, kwa wanaopanga maelezo ya watalii. Meli za wageni zinatia nanga, na hilo ni jema kwa wenye boti na kwa akina mama wanaouza ukili. Nimesikia maelezo mengi yakianza na Waajemi kutoka Shiraz na kuishia kwa Wareno, kana kwamba katikati hapakuwa na watu. Simulizi la Ali bin al-Hasan wa Shiraz ni letu na liendelee kusimuliwa, pamoja na ile ya kisiwa kununuliwa kwa vitambaa. Lakini mawe yalichimbwa hapa, chokaa ilichomwa hapa, mikoko ilikatwa kwenye mikono ya bahari hii, na waliosali humo walinong'ona Kiswahili wakitoka. Mtoto wa shule ya msingi wa Nangurukuru akiletwa pale aambiwe hivyo, kwa Kiswahili, na aonyeshwe nguzo iliyojengwa na fundi aliyerekebisha makosa ya fundi mwenzake. Akishaona hivyo anaweza kutamani kazi hiyo. Kwa sasa mtoto huyo akija anaona kamba na kibao cha kumkataza.

Waheshimiwa, kwa ufupi wa maombi: mafundi wenyeji wasiozidi mkono mmoja kwa kuanzia, mtaalamu mmoja wa kuwaongoza, shimo la chokaa lichimbwe mwaka huu ili liwe tayari mwakani, na saruji isivuke maji kwenda Kisiwani kwa kazi ya msikiti. Nikiitwa kwenye kikao chochote, Lindi au Kilwa Masoko, nitakuja kwa nauli yangu, na mkononi nitakuwa na vipande viwili vya lipu, cha chokaa na cha saruji, mvilinganishe wenyewe.

Naomba kuwasilisha.

Fundi mwashi,
Lindi